Visahani vya Katikati

Louisville, 14 Januari 2024

Shangazi Kostansia,

Shikamoo. Natumaini barua hii itawakuta wazima, wewe na Delfina, na kwamba theluji ya Buffalo imewaachia angalau mlango wa kutokea. Huku kwetu ni baridi kavu ya kuchubua midomo. Mimi ni mzima. Baba naye mzima, ila goti linamsumbua akisimama muda mrefu ghalani. Mama anakusalimu sana na anasema amekukumbuka.

Naandika kwa kalamu kwa sababu milango mingine yote umeifunga. Ulitoka kwenye kundi la familia la WhatsApp, namba ukabadilisha, na nilipomwomba Delfina namba mpya alinijibu, "Mom said no." Lakini hukuhama nyumba. Nikasema basi, posta bado haijaambiwa no.

Habari kubwa upande wangu ni kazi. Nimeacha ghala la vifurushi, mgongo ulikuwa umeshaanza kuzeeka kabla ya mwenyewe. Sasa niko jikoni, kwenye mgahawa wa Waturuki. Mwenye mgahawa ni mama wa makamo anaitwa Nermin, mwenyeji wa Izmir, mji wa pwani kwao. Ni mkali kama wewe, na kama wewe, akimaliza kufoka anakupa chai.

Kazi yangu ni meze. Meze ni visahani vya kuanzia. Mturuki akikualika hakuletei sahani yako iliyojaa wali na nyama. Anapanga visahani katikati ya meza: mtindi mzito uliokamuliwa maji na kutiwa kitunguu saumu na nanaa, bilinganya zilizobabuliwa motoni zikapondwa, nyanya na pilipili zilizokatwakatwa hadi zikalainika, jibini nyeupe na tikiti, na majani ya mzabibu yaliyoviringwa na wali ndani, wanayaita sarma. Mkate unapita. Kila mtu anamega, anachovya, anazungumza, anamega tena. Samaki au nyama inakuja baadaye sana. Siku ya kwanza nilimuuliza mama Nermin, "Sasa hawa watakula saa ngapi?" Akacheka akasema, "Wanakula tangu walipoketi."

Sasa nije kwenye lililonikalisha. Mwezi huu bibi ametimiza mwaka tangu atutoke. Ilipasa tuwe tumeshaanua matanga. Baba anasema haanui bila wewe. Wewe ndiye binti pekee wa bibi, na kuganduka, ndiko huko kuanua matanga, bila binti wa marehemu, kwa desturi yetu, ni kufunga mlango mtu akiwa bado yuko nje. Nami nina sababu yangu ya kuuliza, nitaitaja wakati wake. Shangazi, utakuja lini Columbus kwa baba?

Nakutakia wiki njema kazini.

Mtoto wako,
Florida


Buffalo, 25 Februari 2024

Mwanangu Florida,

Marahaba. Barua yako nimeipata, ilikaa siku kadhaa kwa jirani wa chini kwa sababu mtu wa posta hapa West Side hajui kutofautisha ngazi ya juu na ya chini. Sisi wazima. Delfina anazidi kurefuka na kunyamaza. Nikimwita mezani anajibu "in a minute", na dakika yake ni ndefu kuliko ibada ya mkesha. Mwishowe anachukua sahani, anapanda chumbani, anakula na simu yake.

Kazi yangu ni ile ile, kutunza wazee kule Amherst, mabasi mawili kwenda na mawili kurudi. Kila mzee anapelekewa sinia lake chumbani kwake, na chakula kimefunikwa. Kuna bibi mmoja ambaye hali mpaka nikae. Nikikaa tu, hata nisipogusa kitu, anamaliza. Nikisimama, kijiko kinashuka. Wakubwa wa kazi wananiambia sina ruhusa ya kukaa, nami najifanya kiatu changu kimelegea.

Hayo majani ya mzabibu umenichekesha. Tumetoka Burundi kwa miguu, tukalelewa kambini Lukole, Tanzania, kwa unga wa mgao, tukavushwa bahari kwa ndege, ili mtoto wetu aje Amerika kuviringa wali kwenye majani! Unaviringaje? Hayapasuki? Wali unatiwa mbichi au umeiva? Nieleze vizuri. Na nimesikia Waturuki hunywa kitu cheupe kama maziwa ambacho si maziwa. Ukiletewa maziwa huko, nusa kwanza.

Halafu hiyo sababu yako ambayo utaitaja wakati wake. Ina suruali? Inaitwa nani?

Kuhusu Columbus, kazini hawatoi ruhusa ovyo.

Msalimie mama yako.

Shangazi yako,
Kostansia


Louisville, 10 Machi 2024

Shangazi mpendwa,

Shikamoo tena. Sisi wazima, na huku miti imeanza kutoa maua meupe kando ya barabara. Mama Nermin amenunua majani mapya ya mzabibu kwenye mitungi na vidole vyangu vinanuka chumvi.

Nimeisoma barua yako. Majani ya mzabibu yamepata aya nzima, Columbus imepata mstari mmoja. Basi nakujibu la majani kwanza, maana ndilo ulilouliza. Wali unakaangwa kidogo na vitunguu, haujaiva. Unaweka kidogo tu, kwa sababu utavimba. Unakunja pembeni kwanza, halafu unaviringa bila kubana. Ukibana kwa hasira jani linapasuka. Mama Nermin anasema sarma inajua aliyeiviringa alikuwa na moyo gani siku hiyo. Na maziwa yale meupe nimeyajua, yanaitwa raki, ni pombe kali. Mimi nakunywa chai.

Sasa Columbus. Nilikwenda wikiendi iliyopita. Nikamuuliza baba, "Shangazi alikukosea nini, au wewe ulimkosea nini?" Akasema, "Shangazi yako ni mtu wa kazi nyingi." Kisha akatoka kwenda kutazama gari ambalo halikuwa na shida yoyote. Alisimama nalo nje kwenye baridi, boneti iko wazi, hagusi kitu. Mama naye alipoulizwa akaanza kuosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa.

Nitakwambia sababu yangu, ili nawe uniambie yako. Ndiyo, ina suruali. Kuna watu wanataka kuja kwa baba kuniposa. Ni watu wazuri, wanamcha Mungu. Baba amesema nyumba yenye msiba haipokei posa, na msiba hautoki mpaka dada yake aje. Jina sikutajii kwa sasa, maana bado sijui kama nitaolewa au nitazeeka na mtungi wa majani.

Nimekasirika, shangazi. Nasema wazi. Bibi ndiye aliyenilea baba na mama walipokuwa shifti, nami sijapata hata siku ya kusema tumemaliza kumlilia. Ninyi wawili mmenyamaza, kila mmoja upande wake, na aliyesimama katikati ni mimi.

Nisamehe kwa ukali. Lakini unijibu.

Florida


Buffalo, 2 Mei 2024

Mwanangu,

Marahaba. Nimechelewa kujibu, na kazi haina lawama hapa. Nilianza barua hii wiki ya Pasaka nikaichana. Delfina mzima. Theluji imekwisha, sasa ni matope na vitanda vibovu ambavyo watu wametupa kando ya njia.

Umeuliza, nami nakujibu.

Bibi yako alipofariki mimi nilipewa lifti na gari la kwaya ya kanisa letu. Barabara ilifungwa kwa theluji pale Erie, tukakaa, tukakaa. Tulipofika Columbus watu walikuwa wameshatoka makaburini. Mama yangu alikuwa ameshafunikwa. Sikumwona. Nikaenda nyumbani kwa baba yako Westerville, pembeni ya mji, viatu vimelowa, nikakuta watu wamekwisha kula na wamama wanaosha masinia. Nikasema moyoni, si kitu, nitakaa sasa na kaka yangu, tutakula pamoja hata kama ni makombo, ndiyo msiba ulivyo. Sijavua hata koti. Baba yako akaja na boksi jeupe la plastiki, lile la kubebea chakula, akanipa mkononi. Akasema, "Chukua hiki, utakula njiani."

Utakula njiani! Kwenye msiba wa mama yangu. Mpita njia kwetu anaambiwa karibu, anawekewa kigoda, na mimi binti wa marehemu nikafungiwa chakula kama mteja. Dereva wa kwaya alikuwa anapiga honi. Nikapanda. Boksi lile niliwapa wanakwaya, wakala, wakasema kitamu.

Nikaapa kwenye gari lile, mbele ya watu, kwamba sitakula tena chakula kilichopikwa kwenye jiko la baba yako wala kupokea sahani kwenye mkono wake. Sasa niambie, matanga yanaanuliwa bila kula? Nitakaa pale nimefumba mdomo, watu wananitazama? Bora nisiende. Kiapo si koti la kuvua ukiona jua.

Mimi pia namlilia mama yangu, Florida. Namlilia peke yangu kwenye basi la Amherst. Usidhani nimependa iwe hivi.

Huyo wa suruali mwambie avumilie.

Kostansia


Louisville, 19 Mei 2024

Shangazi,

Shikamoo. Nashukuru umeniambia. Nililia kidogo, nikaosha uso, nikaenda kazini. Sitakuuliza tena juu ya siku ile, na sitamtetea baba, kwa sababu mimi nilikuwa nimebaki makaburini na sikuona.

Ila kiapo chako nimekisoma kama mtu anayesoma mkataba wa nyumba. Uliapa hutakula kilichopikwa kwenye jiko la baba. Je, kilichopikwa Louisville?

Nisikilize kabla hujachana karatasi. Meze nyingi huliwa baridi. Zile za mafuta ya zeituni ndivyo zilivyo, hazipashwi moto hata kidogo, na mama Nermin anasema zikilala kwenye friji usiku mmoja ndipo zinakolea. Nitapika zote huku, nitazifunga, zitasafiri mpaka Westerville. Mama ameshakubali kwamba siku hiyo jiko halitawashwa, hata maji ya chai yatatoka kwa jirani. Na meze hazipakuliwi. Hakuna mkubwa anayempa mdogo wala mwenye nyumba anayempa mgeni. Visahani viko katikati, kila mtu ananyoosha mkono wake mwenyewe.

Nilimweleza mama Nermin habari yetu. Alikuwa anakamua mtindi kwenye kitambaa. Akasema kwao watu waliogombana hawaalikwi kwenye nyama, wanaalikwa kwenye meze, kwa sababu mtu akikatiwa nyama yake anaweza kula na kuondoka bila kumtazama jirani, lakini kisahani kikiwa mbali lazima useme, "Nisogezee." Kama ni desturi ya Waturuki wote au ni yake peke yake, sijui. Nimeipenda.

Nimefikiria Jumamosi ya pili ya Julai. Nitapika sarma, mtindi, bilinganya, ile ya pilipili, na maharage mekundu ya mafuta ya zeituni yenye karoti na kitunguu, nayo huliwa baridi. Sema ndiyo, shangazi.

Florida


Buffalo, 9 Juni 2024

We Florida,

Marahaba. Tuko salama. Huko jikoni umeenda kusomea upishi au uwakili?

Jambo moja kwanza. Maharage baridi! Umelelewa na Warundi au umeokotwa? Maharage baridi kwetu ni kiporo, na kiporo hakipelekwi mbele ya wageni, kinaliwa asubuhi na wenyewe huku mlango umefungwa. Siku ya kuanua matanga ya mama, mzee wa kanisa amekaa, unaweka kiporo mezani! Baba yako ataingia chini ya kiti kwa aibu. Lakini shauri lako, mimi sipiki.

Nitakuja. Nimeomba ruhusa na wamenipa, kumbe hawakuwa wagumu kama nilivyokuwa nakuandikia. Delfina nitakuja naye, simu na yote.

Lakini la mkono liko pale pale. Mwambie baba yako, kwa maneno haya haya, kwamba sitapokea sahani mkononi mwake. Akijaribu, nasimama narudi Buffalo, na safari hii sitaaga.

Mpishi, usibane majani.

Kostansia


Louisville, 27 Juni 2024

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Naandika haraka ili barua ikufikie kabla hujafunga mizigo. Mama Nermin ameteleza jikoni na kuvunjika kifundo cha mguu, na Jumamosi ile ile kuna watu wa harusi wamekodi mgahawa mzima tangu zamani. Mbali na yeye, anayejua meze ni mimi tu. Siwezi kuja. Nimelia mpaka yeye ndiye akawa ananibembeleza mimi, na mguu wake umefungwa plasta.

Niliwaza tuahirishe. Halafu nikaogopa. Tukiahirisha, wewe utapata muda wa kubadilisha mawazo.

Chakula kitakuja. Kuna mtu wa gari ninayemwamini atakileta kwenye maboksi ya barafu. Nimemfundisha visahani vinapangwaje. Muwe wazuri kwake.

Baba nimempa maneno yako kama ulivyoyasema. Aliniomba niyarudie polepole, neno kwa neno. Kisha akasema, "Sawa." Ni hilo tu.

Kula kwa niaba yangu, na uniandikie kila kitu, usinifiche.

Florida


Buffalo, 21 Julai 2024

Mwanangu Florida,

Marahaba, marahaba mara nyingi. Tumerudi salama, Delfina mzima, na mimi mzima kuliko nilivyoondoka. Mpe pole mama Nermin, mguu wake upone, na mwambie mtindi wake umemshinda mzee wa kanisa, kama utakavyosoma.

Kwanza huyo mtu wako wa gari. Kijana mrefu, mpole, shati limepigwa pasi mpaka linasimama lenyewe. Akatusalimia kwa mikono miwili. Nikamuuliza jina, akasema Kalisa. Kwenu ni wapi? Akasema wazazi wake ni wa milimani, Kivu ya Kusini, Wanyamulenge. Una gari la kazi? Akasema hapana, ni gari lake. Nikamtazama, akatazama viatu. Nikasema moyoni, suruali ndiyo hii. Uliniandikia "mtu wa gari" bila haya!

Akapanga visahani katikati ya meza vizuri kabisa, akavifunua, na nyumba ikanukia nanaa. Kwenye meza tulikuwa baba yako, mama yako, mzee Liberati wa kanisa, Delfina, Kalisa na mimi. Mzee Liberati akaomba, tena hakuomba kwa kifupi. Tukasema amina. Hapo ndipo mambo yalipokwenda upande.

Wewe na mama Nermin wako mlinieleza mimi habari za katikati. Baba yako hukumweleza. Baada ya amina, akasimama kama mwenye nyumba anavyosimama. Akatazama visahani, akatazama watu, akaona kila mtu anaweza kupata chake. Akaanza kugawa! Mzee Liberati akapewa mtindi wote. Mama yako akapewa bilinganya zote. Kalisa akapewa kapu la mikate, peke yake, akalipakata. Delfina akapewa ile pilipili.

Delfina akasema, "Uncle, I think we're supposed to share." Baba yako akamjibu, "Kula tu mwanangu, usiogope, chakula kipo."

Kalisa alikuwa ameshalowa jasho. Baadaye nilimvizia barazani nikamuuliza kwa nini hakusema, naye alijua. Akaniambia, "Mama, ningesema je? Ule muzee ni baba ya Florida. Bon, kama anasema mukate ni ya mimi, ni ya mimi." Nimempenda hapo hapo. Watu wake waje, nimeshazungumza na baba yako, na mengine tutayapanga kwa simu. Namba yangu mpya iko nyuma ya bahasha.

Halafu baba yako akafika kwangu na ile sahani ya sarma. Ilikuwa nzuri kuliko zote, imepambwa na vipande vya limau, na mtu yeyote angeona kwamba ameibakiza makusudi. Akasimama mbele yangu. Mimi nikaweka mikono mapajani. Delfina akaigeuza simu yake kifudifudi. Hakuninyooshea, Florida. Aliiweka mezani taratibu, akaondoa mkono, akasema, "Nimeiweka mezani. Meza si mkono wangu."

Nikaitazama ile sahani. Sikula wala sikusimama.

Akarudi kwenye kiti chake na kisahani kilichobaki, yale maharage yako. Akachukua kidogo, nikaona uso wake ulivyobadilika. Maharage baridi. Akajua mwanae amekosea, ametuletea kiporo siku ya matanga ya bibi yake. Na alishayaona mapema, ndiyo maana hakumpa mtu. Akayasogeza karibu, akayazungushia mkono wa kushoto ili mzee Liberati asiyaone, akaanza kuyala kimya kimya, haraka haraka, ayamalize aibu isikupate wewe. Huyo ndiye kaka yangu. Nilikuwa nimemsahau, nilikuwa nakumbuka boksi tu.

Wakati huo Delfina alikuwa amejaza kijiko cha pilipili na kukitia mdomoni. Machozi! Akapiga meza, akamnyooshea Kalisa mkono akitaka mkate. Mkate haukutosha. Mzee Liberati, ambaye alikuwa anahangaika na bakuli zima la mtindi wa vitunguu saumu kama mtu aliyepewa adhabu, akamsukumia upesi upesi. Mama yako akaomba mkate wa bilinganya zake, akataka na mtindi. Mzee Liberati akauliza kama kuna mtu hataki bilinganya. Visahani vikaanza kutembea vyenyewe, watu wanacheka, na mama Nermin wako angekuwepo angesema ndivyo inavyotakiwa.

Baba yako peke yake hakusogeza chake. Nikamwambia, "Kaka, mwenye nyumba anakula kiporo peke yake?"

Akasema kwa sauti ya chini, "Mtoto amekosea. Usimseme."

Nikasema, "Hajakosea. Kwa hao Waturuki ndivyo yanavyoliwa. Aliniandikia." Nikachukua mkate wa Kalisa, nikauondoa ule mkono wa kushoto wa kaka yangu, nikachovya kwenye sahani yake. Kitu cha kwanza nilichokula nyumbani kwake ni hicho. Kiapo changu kilikuwa juu ya jiko lake na mkono wake, na sahani yake sikuwahi kuiapia. Usicheke, wewe ndiye uliyenifundisha uwakili. Na maharage yako ni matamu, sikutegemea.

Tukala pale, yeye na mimi, sahani moja. Sarma tukaziweka katikati ya wote. Baadaye bila mimi kuuliza akasema, "Siku ile dereva wenu wa kwaya aliniambia dhoruba nyingine inakuja, msipoondoka saa ile mtakwama njiani. Asubuhi nilikuwa nimemzika mama. Niliogopa kukuzika na wewe. Nikaona ufunge safari, nikakufungia chakula." Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akasema, "Ulikuwa umeshapanda gari. Halafu ulikuwa umeshakasirika. Halafu nami nikakasirika." Mwaka na nusu, Florida, kwa maneno ya pumzi moja. Nilitaka kumpiga na nilitaka kumkumbatia, nikaishia kumsogezea bilinganya.

Vyombo vilipoondolewa, mzee Liberati akasema sasa mkubwa aseme neno la kuanua matanga. Kaka yangu akasimama, akakaa tena. Akasema, "Mimi niliwahi kumuaga. Aseme ambaye hakuwahi."

Nikasimama. Nilikuwa na maneno mazuri, niliyapanga tangu tunaondoka nyumbani, na yote yakanitoka. Nikamwona mama yangu kama alivyokuwa kambini, anatutazama mimi na kaka yangu Methodi tumeinamia sinia moja, yeye mwenyewe hajagusa, anangoja tumalize ndipo ajue kama kuna kilichobaki.

Nikasema, "Mama, tumekula."

Nikakaa. Kaka yangu akaanza kulia, mtu mzima yule, na mama yako naye, na mimi. Mzee Liberati akasema hilo linatosha.

Dada yake Methodi,
Kostansia